Aondolewe Mmoja Asiye na Mwakilishi

Nchi inayosimuliwa hapa haipakani na ya kwako, msomaji, kwa hiyo kaa kwa amani. Iko mbali kidogo, ng'ambo ya mto ambao daraja lake limezinduliwa mara tatu na bado halijajengwa. Inaitwa Jamhuri ya Shwarini. Watu wake ni wema, wanapenda chai, na kila Jumapili saa kumi alasiri huacha shughuli zote wakaangalia tamthilia ya Televisheni ya Taifa iitwayo Wizara ya Moyo Wangu. Ni habari za waziri mmoja wa kubuni anayependana na katibu mkuu wake huku akizindua vyoo.

Ni tamthilia ya siasa, ila siasa iliyochemshwa na kuchujwa. Kila neno linalotamkwa humo limepita kwenye kamati saba, na linapotoka upande wa pili halina mfupa hata mmoja.

Jambo moja lazima ulijue kuhusu Shwarini, vinginevyo utaona wenzako wanacheka peke yao. Katika nchi hiyo hakuna shughuli inayoanza bila sala, na hakuna sala inayoanza bila itifaki. Kabla mtu hajasema kilichomleta, sharti awatambue waliopo, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kwa cheo na kwa jina. Ukimruka mtu, hata kwa bahati mbaya, umemtukana yeye, ukoo wake na wilaya yake. Mazishi ya mzee mmoja wa mji mkuu yaliwahi kuahirishwa hadi kesho yake, kwa sababu mtoa salamu alipofika kwa Naibu Katibu Tarafa jua lilikuwa limeshazama. Familia ilishukuru kwa heshima kubwa iliyotolewa.

Sasa tumwone Bwana Tegemea Kilindo. Huyu alikuwa Kaimu Karani Mkuu wa Maoni ya Watazamaji, na amekaimu miaka tisa. Kibao cha bati mezani kwake kilichoandikwa KAIMU kilikuwa kimeota kutu. Hata mkewe, Bi. Stamili, akikasirika humwita kaimu mume. Kazi yake ilikuwa kufungua barua za watazamaji na kuzijibu, na kwa kazi hiyo alipewa mihuri miwili. Wa kwanza ulisema: Asante kwa maoni yako, yanafanyiwa kazi. Wa pili ulisema: Tunaomba radhi kwa hitilafu za kiufundi. Kwa mihuri hiyo miwili alikuwa ameliendesha taifa kwa karibu muongo mzima.

Ili athibitishwe kazini, kanuni zilitaka amalize mwaka bila faili hata moja kubaki wazi. Kila mwaka faili moja lilimponyoka. Mwaka mmoja mkulima alilalamika kwamba mtangazaji wa hali ya hewa ameahidi mvua, akakataa kuridhika mpaka inyeshe. Safari hii zilibaki wiki tatu mwaka kwisha, na kabati la Bwana Kilindo lilikuwa jeupe. Alishaanza kujizoesha kutia sahihi bila neno Kaimu.

Ndipo ikaja sehemu ya ishirini na saba.

Katika sehemu hiyo waziri wa tamthilia alikwenda kuweka jiwe la msingi la choo cha matundu manne. Sherehe ikahitaji sala. Sala ikahitaji kiongozi wa dini, na hapo kamati saba zikatoka jasho, kwa sababu dini ziko nyingi na zote zina simu. Wakaamua dini isijulikane. Mwigizaji akavishwa joho la zambarau na kijani ambalo halijawahi kuvaliwa na yeyote duniani, na kofia iliyofanana na kifuniko cha hotpoti. Akaitwa Mtumishi, basi. Akasimama mbele ya jiwe, akafumba macho, akaomba dakika sita kamili.

Bwana Kilindo aliitazama nyumbani, bakuli la bisi mapajani. Aliona ni sala nzuri sana. Ilipofika amina, Bi. Stamili alimkuta akifuta chozi.

Jumatatu asubuhi barua zilikuja kwa mkokoteni. Katibu wa Chama cha Maafisa Mifugo Wastaafu aliandika: "Mtumishi amewatambua maafisa mifugo walioko kazini. Sisi tuliostaafu, je, ng'ombe wametusahau?" Familia moja ya wilayani iliandika kwamba Mkuu wa Wilaya alitajwa kabla ya Mbunge na tangu jana hakuna aliyeweza kumeza chakula. Viongozi wa dini moja walilalamika kwamba Mtumishi alifanana nao mno. Viongozi wa dini nyingine walilalamika kwamba hakufanana nao hata kidogo, na wao pia ni raia. Mwanamke mmoja alitaka kujua kofia ile inapatikana wapi, maana kifuniko chake kimepotea.

Bwana Kilindo alizipanga kwenye masanduku matatu: Waliotangulizwa, Waliocheleweshwa na Waliosahaulika. Akapiga mihuri hadi kiwiko kikavimba. Hao waliosahaulika, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kujibu, walipangiwa zamu ya kuja studioni kujitambulisha wenyewe kwa taifa. Maafisa Mifugo Wastaafu walipewa Alhamisi, wakaja na ndama. Kufikia Ijumaa mchana barua zote zilikuwa zimefungwa, ila moja.

Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya kukatia ruwaza za nguo, kwa kalamu ya risasi.

"Kwa Karani. Shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu, na kama ni mdogo, marahaba. Jumapili nimeangalia tamthilia huku napindua kola za sare za shule. Mtumishi ameomba dakika sita. Nilikuwa na kopo la vifungo karibu, nikawahesabu waliotajwa kwa vifungo. Wametajwa arobaini na mmoja. Aliyekuwa anaombwa hakutajwa. Naomba kujulishwa kama ni hitilafu za kiufundi. Sikitu Mbonde, fundi cherehani, Mtaa wa Kisiki, mkabala na mashine ya kusaga."

Bwana Kilindo aliirudia mara tatu. Kisha akaweka mkanda wa sehemu ya ishirini na saba, akasikiliza sala yote kwa kidole juu ya orodha ya majina. Mgeni rasmi yumo. Mkuu wa Mkoa yumo. Mwenyekiti wa Kamati ya Choo yumo, na makamu wake. Mungu hayumo.

Muhuri wa hitilafu ulikuwa tayari una wino. Aliuinua, ukabaki hewani. Kwa miaka tisa watu walikuwa wamepokea hitilafu za kiufundi kama wanavyopokea mvua, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni kweli. Huyu ameuliza. Akauweka muhuri chini, akafungua Sheria ya Haki ya Kujibu, kifungu cha tisa: yeyote aliyeachwa kutajwa isivyostahili atapewa nafasi ya kujibu, yeye mwenyewe, studioni, ndani ya siku kumi na nne. Yeyote. Akalisoma tena akiomba kuona neno jingine.

Akapanda ngazi kwa Mkurugenzi, Bi. Mwanamkasi Dege, mama mwenye sauti ya upole ambayo watu waliiogopa kuliko makelele.

"Mama, kuna mmoja wa sehemu ya ishirini na saba bado hajapewa haki yake ya kujibu."

"Nani tena huyo? Mpe Jumanne."

"Mungu, mama."

Bi. Mwanamkasi alivua miwani. "Mungu yupi?"

"Wa kwenye sala, mama. Mtumishi alimruka."

"Kuna aliyelalamika?"

"Fundi cherehani mmoja wa Mtaa wa Kisiki."

Mkurugenzi alirudisha miwani usoni. "Tegemea, barua yako ya kuthibitishwa iko hapa kwenye mtoto wa meza. Imeshatiwa sahihi, imebaki tarehe tu. Faili hilo likifungwa, naandika tarehe. Lisipofungwa, sijui nitakutetea vipi tena. Lipeleke kwa Waziri, yeye ndiye mwenye itifaki."

Kamati saba zikaitwa siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata wakati wa mafuriko. Bwana Kilindo aliwekwa mlangoni aandike muhtasari akiwa amesimama. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Ponsiano Tambwe, Waziri wa Habari, Maadili na Utulivu, daktari kwa heshima na mhandisi kwa mazoea.

"Ndugu zangu," alisema baada ya dakika ishirini za kuwatambua, "Serikali yetu haina dini. Lakini itifaki inayo. Swali ni dogo tu: akija, anakaa wapi?"

"Mbele, Mheshimiwa," alisema Mkuu wa Itifaki.

"Mbele nakaa mimi."

"Basi pembeni yako."

"Kulia au kushoto?"

Hapo kikao kiliahirishwa kwa chai. Baada ya chai wakaulizana kama ni mgeni rasmi, na kama yeye ndiye mgeni rasmi, Mheshimiwa atakuwa nani. Wakakubaliana aitwe mgeni mwalikwa. Apewe kiti cha peke yake katikati ya studio, chenye kitambaa cheupe, ua la plastiki na chupa ya maji. Kibao cha jina kisiwekwe, kwa kuwa kila dini ilikuwa imeleta chake.

Ikabaki barua ya mwaliko. Viongozi wote wa dini walifika wizarani, kila mmoja akitaka kusaini kitabu cha kupokelea kwa sababu barua hupitia kwake. Walishindana kwa adabu mpaka kitabu kikachanika. Mwishowe barua ikasomwa redioni, mara baada ya matangazo ya vifo, saa ambayo nchi nzima husikiliza: "Unaombwa kufika Televisheni ya Taifa Jumapili saa kumi kamili alasiri. Tafadhali fika nusu saa kabla, ukiwa na kitambulisho au barua ya mtendaji wa mtaa."

Siku moja kabla ya siku yenyewe, Bwana Kilindo alikwenda kuchukua jalada la sehemu ya ishirini na saba ili aliambatishe. Ndani akakuta rasimu ya kwanza ya sala. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: Ee Mungu. Ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni kulikuwa na maandishi ya mtu makini: "Muda umezidi kwa sekunde nne. Aondolewe mmoja asiye na mwakilishi kwenye kamati. T. Kilindo, Kaimu."

Aliijua hiyo herufi ya K yenye mkia. Akakumbuka. Siku ile katibu wa kamati alikuwa harusini, naye akaombwa akaimu. Ilikuwa mchana, njaa inauma, kila jina likiguswa mtu ananyoosha mkono kulitetea. Alipitisha kalamu juu ya orodha akitafuta jina moja ambalo hakuna mkono utakaoinuka. Akalipata. Wote wakasema asante, wakaenda kula.

Aliona aibu. Si ile aibu ya ofisini, ya kukutwa umelalia meza. Fundi cherehani ameuliza kama ni hitilafu za kiufundi, na hitilafu yenyewe ni yeye, imekaa hapa, imevaa miwani. Na hakuna anayejua. Karatasi ni moja, kiberiti kipo kwenye chumba cha chai, barua ya kuthibitishwa inasubiri tarehe. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaenda nayo nyumbani bila kuamua.

Jumapili saa kumi, badala ya muziki wa Wizara ya Moyo Wangu, taifa likaonyeshwa kiti. Kilikuwa kiti kizuri. Taa zimewaka, kitambaa kimenyooka, chupa ya maji imefunguliwa nusu kwa heshima. Nyuma ya kamera walisimama Mheshimiwa na kamati zake saba, na kwenye benchi la walalamikaji alikaa Bi. Sikitu Mbonde, mwanamke wa makamo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Bwana Kilindo alikuwa karibu naye na Fomu ya Kuridhika mkononi.

Dakika moja ikapita. Mbili. Hakuna aliyetokea mlangoni, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba hakuna aliyetokea. Nyumbani watu walikaa kimya wakitazama. Inasemekana ile ndiyo mara ya kwanza majirani wa Shwarini walisikiana wakikohoa. Mtu mmoja wa wilaya ya kusini alikumbuka kwamba ana kaka yake ambaye hawajasemezana miaka sita, akaenda kumwona akiwa amevaa ndala tofauti. Dakika kumi zilipita hivyo. Hata kamati saba zilianza kutazama viatu vyao.

Mheshimiwa alikuwa anatokwa na jasho. "Hii haifai," alinong'ona. "Taifa haliwezi kutazama kiti kitupu. Kiti kitupu kinaleta mawazo."

Na kabla Mkuu wa Itifaki hajamshika koti, Waziri aliingia mbele ya kamera, akaketi, akanywa maji.

"Ndugu wananchi," alisema, "kutokana na majukumu mengi aliyonayo mgeni mwalikwa, ameshindwa kufika. Mimi nitamwakilisha. Kwa niaba yake nasema hakukasirika, ameridhika, na anaipongeza Serikali. Lete fomu."

Bwana Kilindo aliipeleka. Mheshimiwa akatia sahihi ndefu yenye mapambo na mbele yake akaandika k.n.y., kama afanyavyo mtu anayesaini kwa niaba ya mkubwa wake aliyesafiri. Akaisukuma mezani.

"Sasa mama naye aweke ya kwake, tufunge."

Bi. Sikitu alikuja, akaishika fomu mbali kidogo na macho kama mtu anayekagua mshono. "Samahani, Mheshimiwa. Umesaini badala yake?"

"Namkaimu tu, mama. Kwa leo."

"Amekutuma?"

Mheshimiwa akacheka kicheko cha kwenye mabango, kisha akamgeukia Bwana Kilindo ili karani amalize upuuzi huo kwa muhuri.

Bwana Kilindo hakuwa shujaa, na hadithi hii haitajaribu kumfanya shujaa. Ila kuna kitu kimoja duniani alichokijua kuliko wote waliokuwemo mle ndani, nacho ni ukaimu. Aliyajua masharti yake kama mtu anavyokijua kidonda chake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni za utumishi, hakuna anayekaimu nafasi ya mtu bila barua ya kukaimishwa kutoka kwa mwenye nafasi. Mimi ninayo ya kwangu, ya miaka tisa. Naomba ya kwako niiambatishe."

Na Waziri, kwa kuwa alikuwa mtu wa itifaki tangu ubongoni hadi kwenye soksi, akaanza kujipapasa. Alipapasa mfuko wa ndani wa koti, akapapasa wa nje. Akatoa leso, ratiba na kitana. "Nilikuwa nayo," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba aliamini hivyo kwa moyo wote. Akamwita msaidizi wake, msaidizi akapiga simu ofisini, ofisini wakasema wanaitafuta kwenye masjala. Hatimaye Mheshimiwa akainuka kwenda kuitafuta mwenyewe, na kamati saba zikamfuata kwa kufuata vyeo. Kiti kikabaki kitupu tena mbele ya taifa.

Bi. Sikitu hakuondoka. "Kaka," alimwambia Bwana Kilindo, kama vile kamera haipo, "mimi barua yangu ilikuwa na swali moja tu. Ilikuwa hitilafu za kiufundi?"

Bwana Kilindo alitazama kioo cha chumba cha mitambo. Nyuma ya kioo hicho alikuwepo Bi. Mwanamkasi, kalamu mkononi, tayari kwa tarehe. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akaikunjua ile karatasi.

"Hapana, dada," alisema. "Ni mimi. Nilitafuta wa kukata, nikamkata yule ambaye hakuna mtu angemtetea. Nilikuwa na njaa."

Bi. Sikitu alisoma karatasi hadi mwisho, pamoja na sahihi. Akachukua kalamu, akaweka jina lake upande wa mlalamikaji. "Mimi nimejibiwa, nimeridhika," alisema. "Huyo mwingine utamwuliza mwenyewe." Akakunja futi yake, akatoka, maana Jumatatu shule zinafungua na sare kumi na mbili hazina vifungo.

Barua zilizokuja baada ya hapo zilishinda zote za nyuma. Watu walisifu kipindi. Wengi waliomba kiti kirudiwe wiki ijayo. Mtazamaji mmoja aliandika kwamba kiti kiliongea vizuri kuliko wote, ila hakikutambua viongozi. Maafisa Mifugo Wastaafu walihoji kwa nini hawakualikwa kwenye kimya. Ya Waziri kukaa pale haikumshtua mtu. Walalamikaji mia tatu walisema tu kwamba aliingia bila kutangazwa. Yeye mwenyewe bado anaitafuta ile barua. Ameziandikia nyumba zote za ibada akiomba nakala.

Bwana Kilindo alipata uthibitisho wake. Ulikuja Jumatano, una tarehe, una muhuri: amethibitishwa kuwa Karani Msaidizi wa Stoo ya Majalada, chini ya ngazi, pasipo dirisha. Bi. Stamili aliisoma mara mbili. "Angalau sasa wewe ni kitu kamili," alisema, akampakulia wali na nyama mbili.

Kule stoo faili lile alikabidhiwa yeye. Lilikuwa na sahihi moja iliyokubalika, na nafasi ya mgeni mwalikwa ilihesabiwa tupu, maana k.n.y. ya Waziri haikuwa na barua, na kwa kanuni lingebaki wazi. Kwa siku kadhaa alilipita akijifanya kutafuta kingine. Kisha, saa ya chakula, wenzake walipokwenda kantini, alilishusha, akalifungua juu ya boksi, akafumba macho. Alikuwa hajawahi kusali bila ya watu kuwepo. Akasafisha koo.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alianza, akakoma.

Akafikiri. Akajaribu tena, akaanza na ule mstari alioukata. Baada ya hapo akakuta hana mwingine wa kumtambua. Orodha ilikuwa imekwisha, na dakika zote sita zilikuwa zake. Basi akasema aliyotaka kusema: kwamba ni yeye, kwamba ilikuwa sekunde nne tu, kwamba anaomba radhi na haikuwa hitilafu ya kitu chochote.

Alisubiri kidogo, kama alivyozoea kusubiri mtu asaini. Alipomaliza, ulimi ukataka kusema itifaki imezingatiwa. Akauzuia, akasema amina tu, akalirudisha faili kwenye rafu likiwa wazi, akaenda kantini kuwahi maharage.